Mikho na Sabato ya Laana

Kwetu mtaani ukimuuliza mtu amezaliwa lini, hatakutajia tarehe. Atakwambia, "Wiki ya Nuhu," au "Wiki ya Yethro, ile ya mvua kubwa." Mimi niliolewa katika wiki ambayo Sara anakufa mwanzoni na Rebeka anaolewa mwishoni, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, maisha yake yote alikumbuka ule mwanzo tu.

Ndivyo tunavyohesabu. Torati imegawanywa mafungu, fungu moja kila Sabato, tangu ulimwengu unaumbwa hadi Musa anapokufa mlimani na nchi anaiona kwa macho tu. Siku tunayommaliza Musa ndiyo siku hiyohiyo tunarudi mwanzo na Mungu anaumba nuru. Hatuvuti hata pumzi katikati. Marehemu mume wangu alisema sababu ni moja: tukipumzika hatutaanza tena, kwa jinsi tunavyojijua. Basi kila mwaka unakutana na watu walewale. Yakobo anadanganya tena, ndugu wanamuuza Yusufu tena, na wewe umezidi mvi na goti linakuuma. Wao hawazeeki. Kuna miaka hilo lilinifariji na kuna miaka lilinikera.

Kila Sabato wanaume huitwa mmoja baada ya mwingine kupanda jukwaani, kila mmoja kwa kipande chake cha fungu. Anayeitwa husema baraka, husimama ubavuni mwa msomaji akifuata kwa midomo, kisha husema baraka ya kufunga na kushuka kifua mbele. Ni heshima. Nimeona watu wazima wakinuniana mwezi mzima kwa sababu mmoja aliitwa na mwingine akarukwa. Na siku ya kumaliza na kuanza upya, nani afunge na nani afungue, hapo ndipo utasikia makelele.

Lakini kuna Sabato mbili ambazo hakuna anayegombea. Ya kwanza iko majira ya kuchipua, nayo tunaiita Laana Ndogo. Ya pili, Laana Kubwa, iko mwisho wa kiangazi, zabibu zikiwa zinaisha sokoni. Humo yamo yote yatakayowapata watu wakivunja agano: homa, njaa, upanga, wana na mabinti kuchukuliwa huku mzazi anatazama na mikono yake haina nguvu. Msomaji, ambaye kwetu ni rabi wetu, Hakham Nahum, hushusha sauti na kwenda mbio kama mtu anayepita makaburini. Na watu wetu wanasadiki kwamba maneno hayo humwangukia yule aliyesimama ubavuni. Msomaji ni koo tu. Aliyeitwa ndiye mwenye mzigo.

Kwa miaka mingi mwenye mzigo kwetu alikuwa mtu mmoja, Mikho Amedi, fundi wa majiko ya mafuta ya taa. Kibanda chake kilikuwa katika kichochoro nyuma ya soko, hapa Yerusalemu, na nyumba yake na yangu zilikuwa ua mmoja. Alikuwa mfupi, kichwa kikubwa, na hata siku ya Sabato, ameoga na kuvaa shati jeupe, vidole vyake vilinuka mafuta. Alizungumza na majiko. Alichomeka sindano kwenye tundu la jiko la pampu na kulinong'oneza, "Tema, mpenzi, tema," nalo lilitema uchafu na kuwaka buluu. Nilipompelekea langu alikuwa akiniambia, "Naze, hili jiko limekaa na wewe mno. Limejifunza kufoka."

Alianzaje? Tulipoletwa kutoka milima ya Kurdistani tukawekwa kwenye mahema, kisha tukajenga sinagogi letu dogo la mawe, mwaka wa kwanza tu ilipofika Laana Kubwa, usomaji ulisimama. Shabo, msimamizi wetu, alimwita huyu, huyu akatazama viatu. Akamwita yule, yule akakumbuka kwamba anaumwa tumbo. Jua lilipanda, watoto walianza kulia njaa, na gombo la Torati lilikuwa wazi juu ya meza, halisomwi wala halifungwi. Mikho alikuwa kijana bado. Aliinuka kwenye benchi la nyuma akaenda, hata bila kuitwa. Baadaye nilimuuliza alipata wapi ushujaa. Akanijibu, "Ushujaa gani? Nililionea huruma lile gombo. Lilikuwa limeachwa pale kama mtu aliyealikwa halafu akanyimwa kiti." Na tena akasema, "Leo Wayahudi wa kila nchi wako ukurasa huu. Sisi tukikwama hapa, wiki ijayo tutasoma nini?"

Tangu siku hiyo kazi ikawa yake. Watu walimshukuru kwa namna ya watu: walimpa mkono Sabato mbili kwa mwaka, na Sabato nyingine walisahau kumwita.

Mikho na mkewe Asmar walikuwa na watoto wawili, Ezra na Simha. Ezra alikuwa mrefu kuliko baba yake kwa kichwa kizima na alikuwa na kicheko cha kuamsha ua wote. Mwaka wa ile vita iliyotukuta siku ya mfungo, Mikho alipanda Laana Kubwa kama kawaida yake. Wiki tatu baadaye vita ikaanza, Ezra akaitwa katikati ya sala, akaondoka na viatu vya nguo miguuni, maana siku ya mfungo hatuvai ngozi. Hakurudi. Habari ilitufikia wiki ya Nuhu. Maafisa wawili walisimama uani na hawakuhitaji kusema kitu, Asmar aliwaona tu akaanza kukunja nguo zilizokuwa kwenye kamba, moja moja, polepole, na nyingine zilikuwa bado zinachuruzika maji.

Unajua midomo ya watu. Kabla ya matanga kwisha, kule sokoni ilikuwa imeshasemwa: alijitakia, alisimama chini ya maneno yale mwaka baada ya mwaka, mwishowe yakamsikia. Niligombana na wanawake watatu kwa ajili hiyo, na mmoja hadi leo hanisalimu, nami sina haja na salamu yake.

Majira ya kuchipua yalipofika, kila mtu alijua Mikho hatapanda tena. Akapanda. Nilimfuata kibandani siku ya pili yake, nimekasirika hata sikubeba jiko la kusingizia. "Mikho, wewe una moyo wa namna gani? Mkeo bado hajavua nguo za msiba."

Aliweka sindano chini. "Nikiacha kupanda, Naze, nitakuwa nimesema nini? Nitakuwa nimesema kwamba ni mimi niliyemuua mwanangu. Kwa kusimama pale na kusema amina. Unataka niseme hivyo?"

Nilirudi nyumbani nimenywea.

Asmar hakumgombeza. Heri angemgombeza. Alifanya mambo mawili tu. Sabato hizo mbili hakutia tena mguu sinagogini. Na jina la Ezra halikutajwa tena peke yake ndani ya nyumba ile, lilibaki katika kuitana Baba Ezra na Mama Ezra tu, na ole wako umwite Mama Simha. Walijaribu wengine, kwa nia njema. "Mimi ni Mama Ezra," aliwajibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Wiki ambayo Yakobo analetewa kanzu ya Yusufu yenye damu alishuka roshani ya wanawake katikati ya usomaji akaenda kukaa bombani mpaka watu walipotoka. Hivyo ndivyo walivyoishi mwaka hadi mwaka, wakipendana, nataka ieleweke, Asmar akimpikia mumewe kube, madonge ya ngano yenye nyama ndani, katika mchuzi mchachu kama alivyopenda, na jina moja limelala kati yao mezani.

Kisha Simha akapata mimba. Aliolewa zamani, na ua mzima ulikuwa umeshachoka kumwombea kimyakimya na kumtazama kiuno kwa pembe za macho. Alikuja kukaa kwa mama yake, maana mumewe aliendesha lori la kusini na nyumbani alionekana kwa nadra. Ilipofika Laana Ndogo, Mikho alipanda. Jumanne yake Simha aliona damu. Alilazwa siku kadhaa, daktari akasema mtoto yuko imara, akarudi nyumbani anacheka na kudai mabilingani ya kukaanga. Lakini Asmar hakucheka. Nilikuwa kibandani siku alipokuja kusimama mlangoni.

"Baba Ezra, zima hilo jiko unisikilize."

"Nakusikia hata likiwaka."

"Zima."

Akazima.

"Laana Kubwa inakuja mwisho wa kiangazi. Tumbo la Simha litakuwa limefika mwezi wake. Hupandi."

"Asmar, maneno hayaui mtu."

"Vizuri. Kama hayaui, apande mwingine. Apande Shabo. Apande Hakham Nahum na kitabu chake. Wapande wote wenye ndevu na miwani. Kwa nini wao wanajua kuogopa, na wewe peke yako katika mtaa mzima hujui?"

Mikho alitazama mikono yake.

"Kwa wa kwanza nilinyamaza," alisema Asmar. "Nilinyamaza miaka yote hii. Kwa huyu sinyamazi. Niahidi hapa, Naze anasikia."

"Nakuahidi."

Jioni ile nilimsikia Simha akimtania pale uani, miguu ameitia ndani ya beseni. "Baba, upande usipande, humu ndani kuna mtu anapiga mateke tu. Huyu atakuwa mchezaji mpira. Au atakuwa na ulimi wa Shangazi Naze."

"Mungu apishe mbali," alisema Mikho, nikamrushia ganda la tango.

Ahadi iliyotolewa kibandani hufika sokoni kabla ya wenyewe hawajafika nyumbani. Kiangazi chote watu walijua kwamba Mikho hapandi, na kila mtu alidhani mwenzake atapanda. Wiki yenyewe ilipoingia, Shabo alizunguka mlango kwa mlango. Mmoja ana mwana jeshini. Mmoja amefungua duka jipya. Mmoja mkewe ameota ndoto ya meno kung'oka. Hakham Nahum, msomaji wetu, alisema yeye ni koo la kuazima na koo halibebi mzigo. Na asubuhi ya Sabato, naapa, niliona wanaume wanne wa kwetu wakiingia sinagogi la Wahalebi, Wayahudi wenzetu wa asili nyingine, ng'ambo ya barabara, mashali yao ya sala wameyaficha makwapani. Waliponiona walikuwa kama wamekamatwa na nyama ya nguruwe.

Asmar alikuja. Ilikuwa miaka mingi hajaja Sabato hiyo, lakini leo alikuja kuilinda ahadi. Aliketi mstari wa mbele wa roshani, penye kimia cha mbao kinachotutenga na wanaume, Simha kushoto kwake na mimi kulia. Simha hakukubali kubaki. "Nibaki na chungu? Chungu hakina hadithi," alisema. Kutoka pale tulimwona Mikho kwenye benchi lake, ameshika ukingo wa mbao mbele yake kwa mikono miwili.

Wakaitwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa tano. Kipande cha sita ndicho chenyewe. Shabo aliinua kichwa. "Anayetaka," alisema. Wawili waliinuka, moyo ukanidunda, kumbe wanakwenda kunywa maji uani. "Anayetaka," alisema tena Shabo. Hakham Nahum alikuwa ameweka kidole penye mstari, na gombo lilikuwa wazi. Nilimtazama Mikho. Jasho lilimtiririka shingoni. Vidole vilikuwa vimekuwa vyeupe kwa kushika, lakini hakusogea. Alikuwa ameahidi. Shabo hakumtazama, namshukuru kwa hilo, ila wengine wote walimtazama, wale mabwana wenye sababu zao, walimtazama kama mtu mwenye deni lao. Nilitamani kuwatemea mate kupitia kimia.

Hapo ndipo Shabo alipomwona yule mwanajeshi.

Alikuwa ameketi karibu na mlango, kijana mgeni, bunduki miguuni, kofia ya jeshi kichwani. Tulijua baadaye kwamba aliitwa Uri, amekuja likizo kwa shangazi yake mtaa wa pili, na wiki hiyo ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha baba yake, ndiyo maana aliingia. Shabo alimwendea, uso umemng'aa. Sinagogi lilikuwa kimya hivi kwamba hata sisi juu tulisikia.

"Una kumbukumbu, mwanangu?"

"Ya baba yangu."

"Basi una bahati. Kuna nafasi. Njoo upande, umheshimu baba yako."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Njoo."

Kijana akaweka bunduki chini ya benchi akainuka, anarekebisha kola. Alikuwa anafurahi. Hajui wiki gani, hajui mstari gani, jeshini huwezi kufuata. Na wanaume wote wale, walimu na wazee na wenye maduka, walitazama vitabu vyao kana kwamba vimeandikwa upya leo. Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Na mimi, nisijitoe, mimi pia nilifikiri: afadhali, yatapita, tutakwenda kula.

Asmar alisimama.

"Si huyo!"

Vichwa vyote viligeuka juu. Mwanamke hapigi kelele gombo likiwa wazi. Sijawahi kusikia kabla wala baada.

"Mama, kaa chini," Shabo alisema, "Torati iko wazi!"

"Naiona iko wazi! Na wewe unamfumba macho mtoto wa watu mbele yake. Wewe kijana! Wamekwambia unapandia nini?"

Kijana alitazama juu akitafuta sauti inatoka wapi. "Hapana, mama."

"Laana. Wiki hii ni zile laana. Hakuna anayezitaka humu ndani, ndiyo maana wamekutafutia wewe."

Rangi ilimtoka usoni, niliona. Alimtazama Shabo, akatazama mabenchi, akatazama gombo pale mezani. Halafu akasema, kwa sauti ya chini tu, kama mtu anayejibu jina lake kwenye mstari, "Kama hakuna mwingine, nitapanda mimi."

Asmar alishika kimia kwa mikono yote miwili nikadhani atakivunja.

"Ndivyo mlivyo," alisema. "Ndivyo mlivyo ninyi. Hakuna mwingine, basi mnakwenda." Sauti ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Kaa chini, mwanangu. Una mama? Basi kaa chini. Baba Ezra!"

Mikho hakuinua uso.

"Baba Ezra, panda."

Aligeuka polepole akatazama juu, kule kwenye mbao, ambako hakuweza kumwona mkewe, aliona kivuli tu. Alisubiri. Nadhani alitaka kuhakikisha.

"Panda," alisema Simha naye, mkono juu ya tumbo. "Sisi wawili tumekubali. Tuna njaa."

Akapanda. Alipofika kwenye ngazi ya jukwaa, Hakham Nahum akamsogezea kiwiko ashike. Akasema baraka. Usomaji ukaanza, kwa sauti ile ya chini ya mbiombio, homa na upanga na njaa, wana na mabinti kuchukuliwa, na pale pembeni yangu nikasikia kitu kama nyuki. Ni Asmar. Alikuwa anayasema maneno pamoja nao, yote, kwa moyo. Mwanamke asiyejua kusoma hata kibao cha duka, na miaka yote hiyo akiwa nyumbani na mlango amefunga! Alikuwa ameyabeba yote kichwani tangu miaka ile ya kabla ya vita. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya tumbo la Simha na haukutoka pale hadi mwisho, lakini midomo haikuruka neno. Nililia, sioni haya kusema. Nilijionea aibu pia, kwa lile wazo langu la kwenda kula.

Uri alipewa unabii unaosomwa baada ya Torati, ule wa faraja wa wiki hiyo, akausoma vibaya sana, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Nisiwaweke roho juu. Mtoto alizaliwa kabla ya mwaka wetu mpya, siku chache baada ya Sabato ile, msichana, salama, mwenye mapafu. Sasa anasoma magazeti na kunisahihisha matamshi. Watu waliposikia amezaliwa mzima walisema, mnaona, laana hazifanyi kitu, na walikuwa walewale waliosema mwanzo kwamba zinafanya. Sikutaka hata kuwajibu. Lakini jambo ninalotaka kulisema lilitokea kabla mtoto hajazaliwa, siku ileile ya Sabato, wakati hakuna aliyejua itakuwaje.

Watu walipotoka, Asmar hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alikaa kwenye ngazi ya mwisho ya mawe, nje, mimi na Simha tukakaa ngazi ya juu yake kwa sababu Simha alihitaji kupumzika. Mikho alitoka wa mwisho. Alikuja ameinamisha kichwa, akasimama mbele ya mkewe kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mwaka ule," Asmar alimuuliza. Hakusema mwaka upi. "Ulisimama vilevile?"

"Vilevile."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Nani?"

"Ezra," alisema Asmar. Simha alinishika mkono akaukaza. "Ezra alikuwa ameketi wapi?"

"Hakuketi. Alipanda nami. Alisimama nyuma yangu, ameniwekea mkono hapa." Akajigusa bega. "Alisema baba asisimame peke yake. Niliposhuka akaniambia, 'Baba, sauti yako ni ya mtu aliyemeza pilipili nzima.'"

"Alisema hivyo?"

"Mbele ya Hakham Nahum. Hakham akakohoa kuficha kicheko."

Asmar alicheka. Kifupi, puani, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Alisogea kidogo, akampa Mikho nafasi kwenye ngazi. Alikaa. Walitazama barabara, wale mabwana wanne walikuwa wanatoka kwa Wahalebi, wakatuona, wakavuka upande wa pili.

"Nimeyasikiliza leo yote," alisema Asmar. "Nimeyasikiliza yote nikimtafuta humo. Hayumo, Mikho. Ni vita iliyomuua. Si wewe."

Miaka yote ile nilidhani ni yeye Asmar aliyekuwa na shaka, na kwamba Mikho, na msimamo wake wa chuma, na kupanda kwake mwaka kwa mwaka, alikuwa mtu mwenye hakika. Mikho alifungua kinywa kumjibu. Badala yake aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, akalia kwa sauti, pale barabarani, mchana kweupe, siku ya Sabato, na mkewe akamwekea mkono begani.